Jinsi ya kupima tuhuma ya ubakaji, kuanzia siku ya kwanza hadi hukumu

Kesi nyingi za ubakaji huanza kuharibika kabla hazijafika polisi. Huharibikia kwenye kikao cha familia, ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mkuu wa shule, pale watu wazima wanapokaa na kuulizana, "Sasa tumwamini nani?" Swali hilo linasikika kama la busara, lakini linawafanya waliopo wapime watu, yaani nani anaheshimika, nani haonekani msikitini wala kanisani, nani alivaa nini, wakati kinachotakiwa kupimwa ni tendo na ushahidi wake. Nimekaa katika vikao vya aina hiyo nikiwa msaidizi wa kisheria, na mwongozo huu ni kwa ajili ya wale wanaojikuta humo bila kujiandaa: wazazi, walimu, wajumbe wa serikali za mitaa, viongozi wa dini na maofisa utumishi. Sheria ninayoitegemea zaidi ni ya Tanzania Bara. Ya Kenya nitaitaja pale inapotofautiana nayo, kwa sababu wasomaji wa Kiswahili hufuatilia habari za mahakama za nchi zote mbili, na mara nyingi huchukua kanuni ya huku wakaihukumia kesi ya kule.

Jua kwanza ni kosa gani linalodaiwa

Mitaani neno "kubaka" hubebeshwa mambo mengi, na mengine husemwa kwa mafumbo kiasi kwamba msikilizaji hajui kama mtu ameshikwa matiti, ametongozwa kwa vitisho au ameingiliwa. Sheria inayatenganisha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema katika kifungu cha 130 kwamba mwanamume amebaka iwapo amemwingilia mwanamke au msichana bila ridhaa yake. Au kwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho, kwa kumtia hofu ya kuuawa au kuumizwa, au akiwa amefungiwa isivyo halali. Au akiwa hana akili timamu au amelevywa. Au akiwa amedanganywa aamini kwamba anayemwingilia ni mumewe. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18, suala la ridhaa halipo kabisa. Hata akisimama kizimbani akasema kwamba walikuwa wapenzi na alikubali, sheria inahesabu kwamba amebakwa.

Kuna hali moja iliyoachwa nje, nayo inaleta ukakasi: mke mwenye umri wa miaka 15 au zaidi ambaye hajatengana na mumewe. Hayo ni mabaki ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo vifungu vyake vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na tena na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kuwa vinakwenda kinyume na Katiba.

Vipengele viwili vya kifungu hicho cha 130 vinastahili kukaririwa na kila anayepokea malalamiko. Cha kwanza ni kwamba kuingiza, hata kwa kiasi kidogo sana, kunatosha kutimiza kosa. Cha pili ni kwamba alama za kupambana, kama michubuko na majeraha mwilini, si lazima ziwepo ili kuthibitisha kwamba ridhaa haikuwepo. Ajabu ni kwamba sheria hii imetimiza zaidi ya miaka 20, na bado swali la kwanza katika vikao vyetu ni "Mbona hakupiga kelele?"

Tendo lisilofikia ubakaji lina jina lake. Kutumia kidole, kifaa au sehemu nyingine ya mwili kwa ajili ya kujiridhisha kingono bila ridhaa ya mwenzako huangukia kwenye udhalilishaji mkubwa wa kijinsia. Kushikashika mwili wa mtu kwa nia hiyo ni shambulio la aibu. Kuingiliwa kinyume na maumbile ni kosa la kifungu cha 154, na hapo ndipo kesi nyingi za wavulana hupelekwa, kwa kuwa ubakaji kwa mujibu wa sheria ya Tanzania hutendwa na mwanamume dhidi ya mwanamke au msichana tu. Bosi au mwalimu anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au alama za mtihani ametenda kosa la rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ndiyo mlango wake.

Kenya imechukua njia tofauti. Sheria yake ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo muswada wake uliwasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, inamtaja mtendaji na mtendewa kuwa ni "mtu", si mwanamume wala mwanamke. Kuingiza kidole au kifaa kuna kosa lake linalojitegemea katika kifungu cha 5, na kumwingilia mtoto huitwa unajisi, kosa ambalo adhabu yake hupimwa kwa umri wa mtoto: kifungo cha maisha kwa mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kisichopungua miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wa miaka 16 hadi 18. Tanzania, kwa upande wake, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na cha maisha iwapo mtoto ana umri chini ya miaka 10 au waliombaka ni kundi. Ninazitaja adhabu hizi mapema makusudi. Anayepima tuhuma akumbuke kwamba kosa lenye adhabu ya miaka 30 halithibitishwi kwa hisia, na kwamba mtu aliyetendewa jambo ambalo sheria inaliona zito kiasi hicho hawezi kuambiwa akapumzike litapita.

Ridhaa

Kifungu cha 42 cha sheria ya Kenya kinaeleza ridhaa kwa maneno machache ambayo mjumbe wa Tanzania naye anaweza kuyatumia kupanga mawazo yake: mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama alisema ndiyo. Ni lazima uulize pia kama angeweza kusema hapana bila kudhurika, na kama akili yake ilikuwa katika hali ya kuamua. Aliyelala usingizi, aliyezimia na aliyeleweshwa hadi hajitambui hawana uwezo huo. Mfanyakazi wa ndani anayeamshwa usiku na baba mwenye nyumba, huku akijua kwamba akikataa kutakucha akiwa stendi na begi lake bila mshahara, huenda hajaguswa hata kofi, lakini uhuru wake ndio wa kuchunguzwa.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inawataja kwa uwazi wenye mamlaka wanaotumia nafasi zao: ofisa wa serikali, msimamizi wa mahabusu au wa makao ya watoto, mtumishi wa hospitali, mganga wa jadi dhidi ya mteja wake na kiongozi wa dini. Orodha hiyo inatufundisha tusiishie kumtafuta mbakaji vichakani.

Kwenda chumbani kwa mtu ni kukubali kwenda chumbani. Kukubali wiki iliyopita ni kukubali wiki iliyopita. Na wale wanaodai kwamba msichana "alikula nauli" wakumbuke kwamba nauli hununua tiketi ya basi.

Kuhusu ndoa, ni haki msomaji aambiwe ukweli ulivyo. Tanzania humhesabu mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana, na kifungu cha 43 cha sheria ya Kenya kinawaweka wanandoa kando kwa namna inayofanana. Mwanamke aliye ndani ya ndoa asiahidiwe kesi ya ubakaji isiyosimama, lakini pia asifukuzwe, kwa sababu kupigwa, kujeruhiwa na kutishiwa ni makosa yanayojitegemea, na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Kupokea malalamiko si kutoa hukumu

Hapa ndipo watu wengi hukwama, wakidhani kwamba kumsikiliza mlalamikaji kwa upole ni kumtia hatiani mtuhumiwa. Ni kazi mbili tofauti, zenye watu tofauti na vipimo tofauti. Katika saa za mwanzo huna haja ya kujua kama anasema kweli. Una haja ya kuhakikisha anatibiwa na ushahidi haupotei. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika hadi saa 120. Asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa, ingawa akiwa ameshaoga bado apelekwe. Nguo zihifadhiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, maana mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuozesha kinachotafutwa. Fomu ya PF3, ambayo daktari huandikia alichokiona, hutolewa polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nchini Kenya fomu ya polisi huitwa P3.

Muulize swali moja la wazi, "Nini kilitokea?", kisha nyamaza. Usimtajie jina la mtu wala usimpe maneno ya kujazia, hasa kwa mtoto, kwa sababu mtoto aliyeulizwa na mama, shangazi, mwalimu na mjumbe kwa zamu huishia kurudia majibu ya wakubwa, na wakili wa utetezi atalitumia hilo kwa haki kabisa. Ukiandika, andika maneno yake kama yalivyotoka. Akisema "alinifanyia tabia mbaya" au "alinifanyia matusi", yaandike hivyo hivyo, halafu umwombe aeleze kwa namna anayoiweza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kusisitiza kwamba haitoshi kutamka tu "nilibakwa" bila kueleza kilichotendeka, kwa kuwa lazima kuingiliwa kuthibitike. Lakini imekubali pia, katika uamuzi zaidi ya mmoja, kwamba malezi, dini, umri na aibu ya kusema mbele ya watu huwafanya mashahidi wetu watumie mafumbo, na kwamba mafumbo hayo yanaweza kueleweka kutokana na mazingira ya shauri zima. Karani anayeyatafsiri kwa lugha ya kitabu anaharibu ushahidi bila kujua.

Namna ya kuyapima maneno yenyewe

Tendo hili kwa kawaida halina shahidi wa tatu, na zamani mahakama zetu zilisita kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamikaji peke yake. Msimamo huo umebadilika. Katika uamuzi wa mwaka 2006 unaonukuliwa karibu katika kila kesi ya aina hii, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe, na kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu hukumu kujengwa juu ya ushahidi huo pekee iwapo mahakama, kwa sababu itakazoziandika, imeridhika kwamba anasema kweli. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema jambo lile lile. Hata hivyo, watu walipoanza kuuchukua uamuzi wa 2006 kana kwamba neno la mlalamikaji ni msahafu, Mahakama ya Rufani yenyewe ilirudi mwaka 2019 ikasema kwamba sivyo: ushahidi huo nao lazima upimwe ukweli wake kama mwingine wowote. Anayetaka kupima tuhuma kwa haki azishike kauli hizo mbili pamoja. Neno la mlalamikaji linaweza kutosha, lakini halitoshi kwa sababu tu limetamkwa.

Basi unalipima vipi? Tazama kwanza kama maelezo yake yanawezekana kwa mahali, muda na mwanga uliokuwepo, na kama alimfahamu mtu huyo kabla au alimwona mara ya kwanza gizani, maana anayesema kweli kuhusu kubakwa anaweza kukosea kwa dhati kuhusu ni nani. Tazama aliyemwambia kwanza, na kama alimtaja mtuhumiwa mapema. Mahakama za Tanzania huthamini sana shahidi aliyemtaja mtu kwenye nafasi ya kwanza aliyoipata, na ukimya usioelezeka huwatia mashaka. Neno la kushika hapo ni "usioelezeka". Binti aliyetishiwa kuchinjwa, mwanafunzi anayelipiwa ada na mjomba aliyemtenda, mvulana anayeogopa kuchekwa na wenzake, wote wana sababu ya kuchelewa ambayo mpimaji anaweza kuichunguza. Kwa hiyo kuchelewa kusiwe mwisho wa kesi. Kuwe mwanzo wa swali.

Tofauti ndogondogo, kama saa 2 au saa 3 usiku, au shati la bluu au jeusi, hutokea kwa mashahidi wa wizi wa ng'ombe na hutokea hapa pia. Tofauti inayogusa kiini, yaani kama aliingiliwa, wapi na nani, ni nzito, na haifai kufunikwa kwa huruma. Kwa mtoto, umri wake uthibitishwe kwa ushahidi, uwe wa mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kesi za walio chini ya miaka 18 hushindwa kwa sababu ndogo kama hiyo. Shahidi mwenye miaka isiyozidi 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mahakamani kusema kweli.

Kuna mambo ambayo yatupwe nje ya mizani. Mavazi hayaelezi ridhaa. Kulia au kutolia hakupimi ukweli. Wapo wanaosimulia kwa uso mkavu kama wanasoma risiti. Historia ya mapenzi ya mlalamikaji, ambayo vikao vyetu huipenda kuliko kitu chochote, imewekewa kizuizi na kifungu cha 34 cha sheria ya Kenya: haiguswi bila kibali cha mahakama.

Ripoti ya daktari nayo isipewe kazi isiyo yake. PF3 inaweza kuonyesha michubuko, mbegu za kiume au dalili za kuingiliwa, lakini haitaji mtendaji, na ripoti isiyo na jeraha haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Kutokuwepo kwa kizinda si uthibitisho wa ubakaji, na kuwepo kwake si uthibitisho kwamba mtu hakuingiliwa. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka mwaka 2018 vipimo vya ubikira vikomeshwe kwa kukosa msingi wa kisayansi. Mshtakiwa naye ana haki ya kuomba daktari aitwe aulizwe maswali, na asipoelezwa haki hiyo fomu inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu za shauri.

Kuhusu kusingiziwa

Hofu ya kusingiziwa si ya kubuni, na anayeikejeli hajawahi kuona ugomvi wa mpaka wa shamba. Lakini chuki nayo ni dai, na dai hupimwa. Mtuhumiwa anayesema anasingiziwa aulizwe ugomvi ulianza lini, kuhusu nini, nani anaujua, na unahusianaje na mlalamikaji mwenyewe, kwa maana ugomvi wa baba wawili hauelezi kwa nini binti mwenye miaka 9 asimulie anachosimulia. Mahakamani, utetezi ukiwa na chuki hiyo mfukoni bila kumuuliza shahidi wakati wa maswali ya dodoso, kisha ukaitoa mwishoni, hauaminiki kirahisi. Wakati wote mzigo wa kuthibitisha hubaki kwa upande wa mashtaka: Katiba ya Tanzania katika ibara ya 13(6)(b) na ya Kenya katika ibara ya 50 zinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike, na shaka ya msingi inapobaki humnufaisha yeye.

Kenya iliwahi kuwa na kifungu cha 38 kilichompa mlalamikaji wa uongo adhabu ile ile ya kosa alilolisingizia. Kilifutwa mwaka 2012, na nadhani ilikuwa sahihi, kwa sababu mwenye kesi ngumu ya kuthibitisha angewaza kifungo cha mbakaji kabla ya kufungua mdomo, ilhali mwongo halisi bado angeweza kushitakiwa kwa sheria za kawaida za kutoa taarifa za uongo.

Jua kiti ulichokalia

Hakimu anatakiwa aridhike pasipo kuacha shaka ya msingi. Kamati ya nidhamu kazini haihitaji kufika huko. Inapima kwa mizani ya uwezekano, yaani lipi linaelekea zaidi kuwa kweli, kama kanuni ya kazi imevunjwa, mradi mtuhumiwa ameelezwa tuhuma kwa maandishi, amepewa muda na amesikilizwa. Kumhamishia idara nyingine au kumsimamisha kwa malipo wakati wa uchunguzi si hukumu, lakini kumhamisha mlalamikaji ili mambo yatulie ni adhabu iliyofichwa. Nchini Kenya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kuwa na sera yake ya unyanyasaji wa kingono, hivyo kamati haina kisingizio cha kubuni utaratibu siku ya tukio.

Wazee wa ukoo na mwenyekiti wa mtaa hawana kiti cha hakimu hata kidogo. Hawawezi kupokea ng'ombe, fedha au ahadi ya ndoa kisha wakatangaza kwamba yamekwisha, kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri na uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kazi yao ni kupeleka jambo linakohusika, kulinda usalama wa pande zote mbili, kuzuia umati usimpige mtuhumiwa na kuzuia majina yasisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Na iwapo mshtakiwa ataachiwa, soma sababu za hukumu kabla ya kusema lolote. Huenda mahakama imesema hakuwepo, au imesema umri haukuthibitika, au shahidi muhimu hakufika. Ni matokeo matatu tofauti, na moja tu kati yake ndilo linaloelekea kumsafisha. Kamati ya kazini iliyoshindwa kufikia kipimo chake iandike kwenye muhtasari kwamba tuhuma "haikuthibitika". Neno "uongo" liandikwe pale tu uongo wenyewe umechunguzwa, ukajibiwa na mlalamikaji, na ukathibitika kwa ushahidi wake.